Mkeka wa Bibi na Kufuli la Kabati

Kila Jumamosi asubuhi Kemilembe aliosha vyombo vya chai, akatandika kitanda, kisha akaenda maktaba ya mtaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake, Gaudensia, walipanga chumba kimoja huko Kilburn, London. Chumba cha pili kilikuwa cha Marie-Claire, mwanamke kutoka Bukavu, Kongo, aliyefanya usafi maofisini. Jiko lilikuwa moja. Kwa miaka mitatu wanawake hao walipika pamoja, na mama alipokuwa na zamu katika nyumba ya wazee, Marie-Claire ndiye aliyempokea Kemilembe kutoka shuleni. Kwa hiyo hata ufunguo wa chumba chao alikuwa nao.

Kule maktaba, Mwalimu Lila aliwafundisha watoto wadogo kuhusu sikukuu za familia. Desemba hiyo ya mwaka 2001 walikuwa wakijifunza Kwanzaa. Maneno mengi ya sikukuu hiyo ni ya Kiswahili, hivyo mwalimu alimwomba Kemilembe amsaidie kuyatamka.

"Umoja," alisema Kemilembe.

"Umoja!" watoto waliitikia.

"Na nyinyi kwenu Tanzania huwasha mishumaa saba?" mtoto mmoja aliuliza.

Macho yote yalimgeukia. Kemilembe alijiona mtu mkubwa. "Ndiyo," alijibu. "Bibi yangu aliiwasha kila mwaka. Mkeka wake tunao nyumbani."

Mkeka walikuwa nao kweli. Lakini bibi, aliyefariki mwaka uliopita, hakuwahi hata kulisikia neno Kwanzaa. Mwalimu Lila alimtazama kama anayetaka kuuliza jambo, kisha akasema, "Basi, mwombe mama akuruhusu utuletee tuuone."

Kemilembe hakumwomba mama. Alijua atakataa. Jumatatu, mama akiwa kazini, alichukua mahindi matatu jikoni na kikombe cha mti, vitu vinavyopangwa juu ya mkeka wa Kwanzaa. Halafu akauvuta mkeka kutoka chini ya kitanda, akaupeleka maktaba.

Jioni mama aliulizia mahindi.

"Sijui, mama," Kemilembe alijibu.

Siku ya pili mama alikikosa kikombe. Siku ya tatu aliinama chini ya kitanda, akaona mkeka haupo.

"Mama yangu aliusuka kwa mikono yake," alisema. "Na ufunguo wa chumba hiki tunao watu watatu tu. Mimi, wewe na Marie-Claire."

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Gaudensia alitia kufuli kwenye kabati la jikoni. Aliposikia nyayo ukumbini, alitega sikio. Marie-Claire alipotoka asubuhi na mfuko wake wa kazini, Gaudensia alifungua mlango kidogo, akauchungulia mfuko ule mpaka ukapotea kwenye ngazi.

"Mama Kemilembe, hii kufuli ni ya nini?" Marie-Claire aliuliza siku moja, sufuria mkononi.

"Ya kabati."

"Miaka tatu hatukukuwa na kufuli."

"Siku hizi vitu vinatembea," Gaudensia alijibu bila kumtazama.

Marie-Claire aliirudisha sufuria mahali pake. Jioni hiyo alikula mkate mkavu chumbani kwake, peke yake. Kemilembe alimwona mlango ulipokuwa wazi kidogo. Yeye naye alianza kuwa na wasiwasi na kila mtu. Mama akimtazama, alidhani amekwisha jua. Simu ikilia, alidhani ni Mwalimu Lila.

Baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, mama alichukua simu. "Nampigia Bwana Firoz, mwenye nyumba," alisema. "Marie-Claire atafutiwe pahali pengine. Siwezi kuishi na mtu wa namna hii."

"Mama, usipige!" Kemilembe alilia. "Ni mimi!"

Akaeleza yote. Gaudensia aliweka simu chini polepole. Hakupiga kelele. Alimshika binti yake mkono, wakabisha hodi kwa Marie-Claire.

"Dada, nimekukosea," Gaudensia alisema. "Mwanangu ndiye aliyechukua. Nami nilikudhania wewe bila hata kukuuliza."

"Nilijua," alisema Marie-Claire. "Kila siku ulikuwa unaangalia mfuko yangu." Kisha akamgeukia Kemilembe. "Na wewe uliniona nakula peke yangu, ukanyamaza?"

Kemilembe aliomba msamaha huku machozi yakimtoka. Marie-Claire alisema amesikia, akafunga mlango taratibu.

Jumamosi Gaudensia alimwambia Marie-Claire wanakokwenda, kisha akaenda maktaba na binti yake. Kemilembe alisimama mbele ya watoto akawaambia kwamba alisema uongo. Mwalimu Lila aliitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa na shaka," alisema. "Kwanzaa ilianzia Marekani mwaka 1966. Watu weusi wa huko walitaka familia zao zikumbuke asili yao ya Afrika. Si lazima kila Mwafrika awe anaisherehekea. Mama, nyinyi husherehekea nini?"

Gaudensia aliwasimulia habari za Desemba kule kwao Bukoba: ndugu wanavyorudi kutoka miji ya mbali, ndizi zinavyochemka, na watoto wanavyokamata senene wa kukaanga.

"Panzi? Mnakula panzi?" watoto walipiga kelele, wakacheka.

Wakati huohuo mlango ulifunguliwa. Marie-Claire aliingia, akatazama huku na huku, kisha akaketi karibu na Gaudensia. "Kwetu Bukavu panzi ni tamu zaidi," alisema, na Gaudensia akacheka mpaka akajifuta macho.

Wakirudi nyumbani na mkeka wao, Marie-Claire akiwa ametangulia kidogo, mama alimwambia Kemilembe, "Ulitaka watoto waipende asili yetu, na hilo ni jambo jema. Lakini asili yetu haihitaji kuongezewa uongo. Uongo wako ulimwumiza mtu ambaye hakuwepo hata pale uliposemwa. Nami nilimwumiza zaidi, kwa sababu niliona ni rahisi kumshuku kuliko kumuuliza. Siku nyingine wewe sema kweli mapema, nami nitauliza kabla ya kuhukumu."

"Nitasema, mama," alijibu Kemilembe. Kisha akakimbia mbele kumpokea Marie-Claire mfuko wake.