Laurette Hangojei Mahari

Jumapili jioni, nyumba ya Papa Kalenga mjini Kalemie ilinukia ndagala wa kukaanga. Wote walikula bukari, yaani ugali, kwa ndagala. Papa Kalenga peke yake aliwakataa, akatafuna sombe, mboga ya majani ya muhogo, uso ameukunja kama mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Ndagala wale waliletwa na Cédrick, fundi wa mota za mitumbwi. Cédrick amezaa na Claudine, binti wa Papa Kalenga. Mtoto wao, Laurette, ameanza kutambaa. Lakini mahari haijaja, hata kwato ya mbuzi. Kwa hiyo Papa alimkataza kijana kuingia ndani, na akakataa aandikwe kuwa baba. Kila mara Cédrick aliweka samaki mlangoni, akamchungulia mwanawe, akaenda zake. Hakuthubutu kupita juu ya neno la mzee.

Siku hiyo jirani yao, Mama Aimée, alimkuta bado hajaondoka, amesimama pale nje kama mdeni. Mama Aimée anafanya kazi komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye biro ya kuandikisha watoto. Aliingia, akavuta kiti.

"Papa Kalenga, ulilinda depo la mizigo la reli mpaka pensheni. Lakini mutoto si muzigo, eti hautoki mpaka ulipiwe."

Papa alijibu kwamba desturi ni desturi. Kisha akamtazama Laurette, aliyekuwa akivuta kidole cha mguu cha babu yake, na sauti ikapungua.

"Huyu kijana akiandikwa baba, atamubeba mutoto. Kwao ni Nyunzu, mbali. Mimi nitabaki na nani?"

Mama Aimée alisogeza kiti karibu.

"Mahari ni ya ndoa, Papa. Mutoto ana haki ya baba hata kama ndoa haiko. Kuandikwa hakumutoi kwa mama yake. Watu wakigombana juu ya kumulea, tribinali, ile korti, inaangalia kwanza faida ya mutoto. Ila baba akishajulikana, chakula, dawa na minerval ya masomo vinamuhusu, apende asipende."

Claudine akauliza: je, baba akimkana mtoto? Mama Aimée alieleza kuwa mama anaweza kwenda tribinali na mashahidi wake, na juji, yaani hakimu, akaamua nani ni baba. Ila afadhali kutochelewa: sheria inataka jambo hilo lifanywe mtoto akiwa bado mchanga.

Papa Kalenga alimwinua mtoto, akampakata. Halafu akapaaza sauti kuelekea mlangoni: "Wewe fundi, ingia. Mulango hauna meno."

Kesho yake walikwenda komine wote, Cédrick akaandikwa baba. Tangu hapo Cédrick analeta unga wa uji na sabuni bila kukumbushwa. Habari ya mahari bado wanaizungumza, na mzee hajapunguza hata mbuzi mmoja.

Mvua zilipoanza, Laurette alishikwa na malaria. Cédrick alimkimbiza hospitali kwa pikipiki, Papa Kalenga akiwa nyuma yake, amempakata mtoto. Muuguzi akauliza baba ni nani. Cédrick, kwa mazoea, aligeuka kumtazama mzee kwanza.

"Jibu, mwanangu," Papa Kalenga akasema. "Ni wewe wanauliza."