Benchi la Bibi Anisia

Jumamosi asubuhi, alipomaliza kufagia ua wa nyumbani kwao Gitega, Gaudensia alitumwa kwa Cirhuza, fundi Mkongomani wa mabenchi. Bibi yake, Anisia, aliyeishi Gasorwe kule Muyinga, alisumbuliwa na nyonga. Akikaa mkekani, kuinuka ni kazi. Siku hizi alishinda ndani peke yake, ilhali zamani alizoea kuchambua maharage uani huku akipiga soga na majirani.

“Chagua benchi la kukaa nje,” baba yake, Kasiano, alimwagiza. “Ulikalie kivulini, kisha juani.”

Karakanani palikuwa na benchi la mbao, na jingine la chuma, jeusi, linalong'aa hadi unajiona uso. Gaudensia alilikalia la chuma chini ya paa. Lilikuwa na ubaridi mtamu.

“Hii iko muzuri,” alisema Cirhuza, “lakini tuiweke kwanza ku jua.”

“Hakuna haja, fundi. Nalichukua hili.”

Nyumbani alimwambia baba yake, “Nimelijaribu kote, juani na kivulini.”

Kesho yake walilipeleka Gasorwe, wakaliweka uani, wakaingia ndani kula. Saa saba mchana Bibi Anisia alitoka na ungo wa maharage. Majirani walikuwa wamekwisha kusanyika. Akaketi, akaruka kama aliyeumwa na siafu. Maharage yote chini.

“Mjukuu wangu,” alisema akijishika nyonga, “niliomba benchi, umeniletea kikaango.”

Majirani walicheka. Bibi akajikongoja kurudi ndani. Gaudensia alitamani ardhi immeze.

“Baba,” alinong'ona, “nilikudanganya. Sikulikalia juani.”

Kasiano alinyoosha kidole kwenye nyumba ya pili. “Basi kalitengeneze. Nenda kwa Fredi, jirani yule seremala.”

Fredi alikata mbao nyembamba za mkaratusi. Gaudensia alizipiga msasa mpaka viganja vikawaka, kisha wakazifunga juu ya chuma, wakiacha nafasi za kupitisha hewa na maji. Akalikalia juani, akahesabu hadi mia mbili. Akalivuta kivulini, akahesabu tena. Ndipo alipomwita bibi, akamweleza naye ule uongo wake.

Bibi Anisia aliketi polepole, akanyoosha miguu, akatabasamu.

“Chuma hakina kosa,” alisema. “Kupata moto juani ndiyo tabia yake. Kosa ni kusema umekalia ilhali hukukalia. Ukimchagulia mtu kitu, kijaribu wewe kwanza, pale pale atakapokitumia. Na kama hukukijaribu, sema hukukijaribu.”

“Nimesikia, bibi.”

“Haya, sogea hapa tukae. Maharage uliyonimwagisha yamejaa mchanga.”