Fulana Thelathini za Kocha

"Nani amekuchoma hizi sindano?" daktari aliuliza.

Chuma, mchomelea mageti mwenye mabega ya kuziba mlango, akatazama sakafu.

"Rafiki yangu. Kocha wa jimu ninakofanya mazoezi."

"Alikupima damu kwanza?"

"Hapana. Nilimwambia nachoka ovyo, hamu ya mke sina. Akasema hiyo kazi ndogo."

Mkewe, fundi cherehani, akaruka kutoka kitini.

"Miezi minane unachomwa sindano, mimi sijui? Nashinda cherehanini nalia, nadhani una mwanamke!"

"Niliona aibu, mke wangu."

Daktari akavua miwani. "Homoni ya kiume ikishuka ina sababu zake: uzito, usingizi, maradhi. Hupimwa asubuhi, tena zaidi ya mara moja, ndipo mtu anatibiwa. Hizi za kuchomwa kiholela zimeufanya mwili wako uache kujitengenezea. Ndiyo maana kwenye kipimo chako mbegu za uzazi hazionekani."

"Kwa hiyo mtoto ndiyo basi?" Fundi aliuliza.

"Tutazisimamisha kwa uangalizi. Wengi hurudi sawa, ila inachukua miezi. Msikate tamaa."

Hawajafika geti la hospitali, kwenye simu ya Fundi ukaingia ujumbe. Kocha huyo:

"Shemeji, mbona hujibu? Chuma amekwisha, hana lolote. Mwanamume kamili nipo, unakonda bure."

Haukuwa wa kwanza. Wiki sita alikuwa akifuta jumbe zake kimyakimya asije akawagombanisha marafiki. Leo akampa mumewe simu asome mwenyewe.

"Namvunja mbavu!" Chuma akafoka.

"Ukifungwa nitazaa na nani? Tulia. Ameagiza kwangu fulana thelathini za sherehe ya jimu Jumamosi, na maneno mgongoni. Nataka nimwekee haya aliyoandika mwenyewe, na namba yake na tarehe chini." Akashusha sauti. "Lakini jina lako limo. Ukikataa, siandiki."

Chuma akausoma ule ujumbe tena, kisha akamrudishia simu.

"Nimeficha miezi minane, imenisaidia nini? Andika. Usiruke hata neno."

Jumamosi saa tano asubuhi, jimu imefurika. Fundi kaleta pakiti za fulana, Chuma kasimama kando yake. Kocha, kifua mbele, kipaza sauti mkononi, mkewe kakaa mstari wa kwanza na kichanga mapajani.

"Wanajimu, vaeni fulana zenu!"

Pakiti zikachanwa. Kicheko kikaanzia nyuma, kikasogea mbele, halafu kikakatika ghafla. Mke wa Kocha alikuwa amesimama nyuma ya kijana mmoja, anasoma mgongo wake taratibu, neno kwa neno.

"Baba watoto, hii si namba yako?"

"Ni utani tu, mke wangu..."

"Utani na tarehe? Siku hii nilikuwa wodini na mwanao!"

Kocha akamgeukia Fundi, jasho linamtiririka.

"Shemeji, kweli unanifanyia hivi?"

"Usiniite shemeji. Nijibu moja tu: ulijua zile sindano zinaua mbegu?"

"Mimi nilitaka kumsaidia..."

"Ulijua, hukujua?"

Kocha akakiri: "Aliyeniuzia aliniambia."

Loo! Jimu nzima ikaguna. Chuma akamnyang'anya kipaza sauti.

"Ni kweli jamani, homoni zangu ziko chini. Natibiwa, wala sioni haya tena. Anayechoka kama mimi akapimwe hospitali, asimvulie huyu suruali."

Mtu mmoja akapiga makofi, halafu wengine. Wanaume wawili waliokuwa wakichomwa na Kocha kwa siri wakainuka, wakamfuata Chuma kuuliza kliniki iko wapi.

Mke wa Kocha akachukua fulana moja, akaivaa juu ya gauni lake.

"Unaenda wapi nayo?" Kocha akalia.

"Kwa mama yako. Nataka asome mwenyewe, nisije nikaambiwa nimekusingizia."

Akambeba mwanawe, akatoka. Kocha akamkimbilia akiita jina lake, na hakuna aliyempisha njia.

Fundi akamshika mumewe mkono mbele ya wote.

"Twende nyumbani ukapumzike, mume wangu. Jumatatu asubuhi tunapima tena, na safari hii naingia na wewe mpaka chumba cha vipimo."