Sikio la Maji na Kahawa ya Matone

Tone la kwanza lilipodondoka chini ya sinki la nyumba moja, mjusi alikuwa tayari ukutani. Si mjusi wa kula mbu. Huyu alikuwa wa chuma, ana koleo mdomoni na taa kichwani, na alipolifikia bomba alilikaza, akalipangusa, akarudi tunduni mwake kabla mwenye nyumba hajajua kuwa pamevuja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mijusi-fundi wa Moshi, na aliyewatuma alikuwa Sikio.

Tangu barafu ya mlima ilipobaki pichani tu, maji ya Moshi yalitunzwa kama yai. Sikio la Maji lilikuwa akili isiyo na mwili, yenye visikizi vidogo kama punje za ulezi, vilivyopandwa kwenye kuta na kandokando ya kila bomba, kuanzia mjini hadi vijiji vya juu. Lilijua sauti ya mtu anayeoga na ya sufuria inayojazwa, likawaacha na shughuli zao. Sauti liliyoichukia ni moja tu: tone, kimya, tone, kimya. Likiisikia, hufunga bomba kwanza na kuuliza baadaye, na kusema kweli hata kuuliza halikuwa likiuliza. Aliyelifundisha ni mhandisi Nsiande. Mji ulimshukuru, naye alitembea kifua mbele, kwa haki yake.

Wiki hiyo, hata hivyo, kilichomnyima raha Nsiande kilikuwa kahawa. Baba yake, Mzee Ndekirwa, alikuwa anashuka kutoka kijijini Jumamosi na kahawa ya mwisho ya shamba lake. Kiangazi kilichopita mzee alimpigia binti yake simu kwamba maji yanakatika ovyo na mibuni inanyauka. Nsiande alikuwa mkutanoni. Akamjibu kwa adabu, lakini mbiombio, kwamba Sikio halikosei. Bila shaka bomba lake linavuja mahali, apatafute, apazibe. Mzee hakupiga tena. Sasa alikuwa ametuma habari kwamba mvua zikianza ataing'oa mibuni yote, apande majani ya ng'ombe.

Nsiande alitaka kumwandalia walau kikombe kimoja cha kahawa hiyo kabla haijawa hadithi. Tatizo ni kwamba mzee alikuwa na vidonda vya tumbo, na ile kahawa kali ya kuchemsha ilikuwa ikimkunja. Daktari wake alimruhusu ya maji baridi, ile inayodondoshwa polepole ikatoka laini. Basi Nsiande akanunua kidondoshi.

Katika nyumba iliyojaa mashine zinazoongea, kidondoshi kilikuwa bubu. Juu chupa ya kioo yenye maji na barafu. Chini yake kibomba cha kufungua kwa vidole. Kisha gilasi yenye kahawa iliyosagwa. Na chini kabisa birika la kupokea. Hakikuwa na waya wala akili. Nsiande, aliyefundisha mji kusikia, alidhani atakimudu kwa dakika chache. Jaribio la kwanza alifungulia sana, maji yakapita mbio, akapata kitu chenye rangi ya maji ya kuoshea sufuria. La pili alisaga kahawa laini mno, ikagandamana, maji yakasimama juu yake kama dimbwi. Mara zote mbili Sikio lilinyamaza, maana hakuna tone lililodondoka inavyotakiwa.

Jumamosi mzee akaja na koti lake la kanisani na mfuko wa kahawa aliyoikoboa na kuikaanga mwenyewe. Nsiande akamwamkia, akampokea mfuko, wakaingia jikoni. Mzee alimwambia asisage kama unga, aache chenga kama za mahindi ya makande. Nsiande akailowesha kidogo, akaifunika kwa kikaratasi cha duara ili maji yasichimbe shimo katikati, akafungua kibomba kwa ncha ya vidole. Tone. Kimya. Tone. Wakakaa kutazama, na harufu ikaanza kupanda taratibu.

Mzee akacheka. Akasema kumbe na watu wa mjini wana chupa kama zangu. Kule shambani, akaeleza, maji yalipoadimika alitundika chupa kwenye kila mbuni, akaitoboa kwa sindano, ikawa inadondosha mchana kutwa. Maji ya bomba yakija, anajaza chupa. Ajabu yake, kila akishazijaza, maji yanakatika, yeye na majirani wote wa tawi lile la bomba.

Bomba la jikoni lilikohoa, likakauka. Mjusi akashuka ukutani, akapanda mezani, akakibana kibomba cha kidondoshi kwa koleo lake, na matone yakakoma.

Nsiande alimtazama mjusi wake mwenyewe. Akamng'oa kwa mkono, akamfunika kwa sufuria.

"Baba," akasema, "bomba lako halikuvuja hata siku moja. Sikio lilisikia chupa zako, likadhani ni bomba. Mimi ndiye niliyelifundisha hivyo."

Mzee aliweka mikono magotini.

"Nililifukua bomba lote," akasema. "Mpaka kwenye chanzo. Ulisema panavuja, mama, nikajua panavuja. Nikadhani ni macho yangu yamezeeka."

Nsiande alilia, wala hakujificha. Angefurahi kama angegombezwa. Aliapa kwamba leo hii ataliamuru Sikio liache chupa za watu, na kwamba mibuni ikikatwa mashina na kupata maji huenda ikachipua. Mzee alisema huenda, lakini si mibuni iliyomnyima usingizi. Ni majirani. Kule juu, tangu enzi za mifereji ya mababu, mtu anayemwaga maji ya wenzake haazimwi hata kiberiti. Kwa mwaka mzima walimpita njiani kama kisiki, naye aliona wana haki, kwa kuwa mhandisi mwenyewe alikuwa ameshasema ni bomba la mzee linalovuja.

Nsiande akaahidi kuwapelekea taarifa rasmi. Mzee akatikisa kichwa. Akavuta birika, akamimina kidogo kilichokuwa kimedondoka, akakionja, akakishikilia mdomoni kabla ya kumeza.

"Ni nzuri," akasema. "Fungulia tena, lijae. Kesho baada ya ibada watakuwa wote pale nje ya kanisa. Kahawa nitawabebea mimi. Maneno utayabeba wewe."