Mke Kwenye Fomu ya Kodi

Mshona mapazia alikuwa nambari sitini na moja kwenye foleni ya ofisi ya kodi, amevaa gauni la samawati alilolishona kwa kitambaa kilichobaki kwa mteja. Aligeuka kutafuta kiti, akakutana uso kwa uso na fundi lifti, mtalaka wake, ndani ya ovaroli yenye grisi.

"Nawe umeitwa, Mama Pazia?"

"Jina hilo liliisha na ndoa," akajibu, ingawa moyo ulimlipuka. Miaka mitatu hakuwa amepokea simu zake. Shoga yake alimwambia kwamba matunzo anayotumiwa kila mwezi humpunguzia kodi yule bwana, na anayekatwa kodi hiyo ni yeye anayepokea. Tangu hapo akamwona mjanja asiye na haya, na namba yake akaihifadhi kwa jina "Usipokee".

Wakaitwa dirisha moja, wote wawili.

"Fomu zenu zinapingana," karani akasema. "Mama anasema ni matunzo baada ya talaka, na kodi yake amelipa. Wewe bwana umeandika unamtumia 'mke', na nafuu ya kodi hukuomba hata senti. Nafuu hupewa anayemlipa mtalaka. Hati ya talaka ninayo hapa. Kwa nini ulijinyima miaka mitatu?"

Fundi aliinamia viatu vyake. "Mkono ulikataa kuliandika lile neno."

Aibu ilimpanda mshonaji mpaka masikioni. Alimchukia mtu bure! Lakini hasira nayo haikuwa imekwisha.

"Mtu akikwama kwenye lifti unakimbia kumtoa. Mimi, tulipokuwa wawili, nilikwama nyumbani, nikakupigia simu mpaka nikachoka, hukupokea. Leo ndiyo unaniita mke, tena kwa karani?"

"Nilikosa, mpenzi. Sina la kujitetea."

"Sahihisha, bwana, watu wanangoja," karani akahimiza.

Mshonaji akamsogezea kalamu. "Andika mtalaka."

"Ndiyo basi tena?"

"Andika. Njia ya mwongo ni fupi."

Akaandika, machozi yakimlengalenga. Mwanamke akaondoka bila kuaga, roho ikimuuma. Alipofika ngazini simu ikaita: Usipokee. Akaiacha ikakatika. Ikaita tena.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Fundi lifti tu, dada. Sina mke. Madirisha yangu yako wazi miaka mitatu, nilitaka kuulizia mapazia."

Akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

"Njoo kesho asubuhi, tuzungumze. Siahidi kitu. Ila mimi nikikupigia, upokee."