Gololi Iliyorudi

Kila Jumamosi, baada ya kuchota maji na kufagia banda la mbuzi, Monica alikwenda kulinda shamba la mtama la baba yake kule Gehandu, wilayani Hanang. Mwaka huo wa 2004 ndege walikuwa wengi, na manati yake haikupumzika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na darasani kwao hakuna aliyemshinda kwa shabaha.

Kando ya shamba alikuwa ametundika sahani ya chuma ya plau la trekta. Ndege wakitulia, aliipiga kwa mawe kufanya mazoezi. Upande wa nje ulikuwa umebinuka, hivyo mawe yaliteleza yakaangukia pembeni.

Jumamosi moja alikuja na gololi tatu za beringi mfukoni. Mdogo wake, Glory, alimfuata.

"Dada, baba alikukataza kupiga chuma kwa chuma."

"Baba hayupo. Simama nyuma yangu uangalie."

Monica aliigeuza sahani ili upande wenye bonde umwelekee, maana ulilia kwa sauti zaidi. Akasimama hatua kumi tu kutoka pale. Akavuta mpira, akaachia.

Ngaa! Kitu kilipita karibu na sikio lake kikivuma. Nyuma yake Glory alipiga yowe, akaanguka kwa magoti, mkono jichoni.

"Sema umechomwa na mwiba," Monica alimsihi. "Tafadhali, Glory. Baba ataniua."

Walipofika nyumbani, baba yao, mzee Bura, alimpakia Glory kwenye baiskeli, Monica akakimbia nyuma mpaka zahanati.

"Shikamoo, daktari," alisema akihema.

"Marahaba. Mtoto amepatwa na nini?" aliuliza daktari Hilaria.

"Mwiba," Glory alinong'ona.

"Basi tutalisafisha jicho, tulipake dawa, mrudi nyumbani." Daktari alivuta beseni la maji, akaloweka pamba. Glory alirudisha kichwa nyuma kwa maumivu. Monica aliutazama mkono wa daktari ukishuka, ukikaribia kope.

"Usiguse!"

Wote wakageuka.

"Si mwiba. Ni chuma. Nilipiga gololi kwenye sahani ya plau, ikarudi. Mimi ndiye niliyemwambia adanganye."

Daktari aliweka pamba chini.

"Kama kibanzi cha chuma kimeingia ndani, kulikandamiza kungeliharibu jicho kabisa." Akalifunika kwa kikombe kidogo cha plastiki bila kuligusa, akaandika barua ya kwenda hospitali. "Glory, usilifikiche. Mzee, ondokeni sasa hivi."

Siku nne Monica alibaki na mama yake bila habari yoyote. Siku ya tano Glory alishuka kwenye basi pamoja na baba, bandeji usoni.

"Wametoa kipande kidogo kama punje ya ulezi," alisema. "Naona, dada. Bado kuna ukungu, lakini daktari amesema utaisha."

Monica alimkumbatia, akalia kwa sauti.

Jioni mzee Bura alimwita. "Nimefundisha mgambo kulenga shabaha kwa miaka minane," alisema. "Shabaha ya chuma haina mchezo. Unasimama mbali, unakinga macho, na kila mtu anakaa mahali salama. Chuma kilichobonyea hakipigwi kabisa, kwa sababu kinamrudishia mpigaji. Wewe ulijua kulenga, lakini hukujiuliza gololi itakwenda wapi baada ya kugonga."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Manati nitakaa nayo mimi mpaka nikufundishe upya. Ila sikiliza, mwanangu. Daktari hutibu kile anachoambiwa. Siku ile alikuwa anatibu mwiba ambao haukuwepo. Ukimuumiza mtu, hata kama unaogopa, sema kweli palepale, maana aliyeumia hana muda wa kungoja woga wako uishe."