Uyoga wa Nyuma ya Kichuguu

Mvua ilikatika alfajiri, jua likachomoza laini, na fundi cherehani wa mtaa wetu akaifunika mashine yake kwa kitambaa. Siku kama hiyo uyoga hausubiri mtu. Akamchukua wifi yake, mke wa kaka yake, mwenye mimba kubwa iliyokuja baada ya miaka ya kuomba na kulia. Kaka mtu alisimama mlangoni, mswaki mdomoni.

"Usimwache peke yake."

"Kwani huyu yai?"

"Yai ndani ya yai," akadakia wifi, wakaondoka wakicheka.

Msituni walikata kwa visu, taratibu, wakiacha mashina ardhini, mpaka wakafika kwenye kichuguu kirefu kupita mtu, kimezungukwa na uyoga mweupe pe.

"Upande huu wangu, wifi. Wewe zunguka huko na tumbo lako."

"Mchoyo wewe! Mtoto akifanana na wewe, namrudisha nilikomtoa."

Wakatengana. Kati yao kichuguu tu.

Kikapu kilipojaa, fundi akazunguka. Wifi hayupo. Mashina yalikuwa bado yanavuja maji, yamepangana kuelekea ndani, kwenye miti minene.

"Wifi!"

"Huku!" ikajibu sauti, mbele kidogo.

Akafuata. Akaita. "Huku!" Akafuata tena. Miti ikabana, mwanga ukafifia. Akainama atazame vizuri. Mashina hayakukatwa kwa kisu. Yalikuwa na alama za meno.

Mkono ukamdaka kifundo cha mguu.

Alikuwa wifi, amejibanza chini ya mzizi, jasho linamtiririka.

"Usiite tena," akanong'ona. "Mimi sijakujibu hata mara moja."

"Sasa nani..."

"Sijui. Alianza kuniita mimi. Kwa sauti yako."

Wakaondoka wameshikana mikono. Kimya. Vikapu wakavitupa. Nyuma yao sauti zikafuata, ya fundi na ya wifi, zikitaniana. "Mchoyo wewe!" Kicheko. "Mchoyo wewe!" Karibu. Karibu zaidi. Wifi akalifunika tumbo kwa mkono uliobaki.

Walipoiona barabara, sauti zikakoma. Halafu, mle mle mitini, kikaanza kilio. Cha mtoto mchanga.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mnene, ana nguvu. Mkunga akamchapa kofi jepesi. Mtoto akakunja uso, akapanua kinywa, akalia. Haikutoka sauti. Daktari akammulika koo, akasema koo halina kasoro.

Mpaka leo hulia hivyo hivyo, kinywa wazi, kimya. Na asubuhi mvua inapokatika, fundi hufunga madirisha yote ya upande wa msitu, kisha huendesha cherehani kwa kasi bila kitambaa chini ya sindano, ili wifi yake asisikie. Haisaidii. Mtoto analala fofofo mapajani mwa mama yake, amenyonya, ameshiba. Kule mbali kitu kinalia, na gauni la wifi linalowa maziwa kifuani.